Hodi ya Tatu

Siku ya Majumba ya Kale, milango yote ya mtaa iliachwa wazi na watu wakaingia na viatu vyao. Bi Mwanakombo peke yake alisimama kizingitini pa nyumba alimozaliwa, akavua ndara zake.

"Hodi," alisema.

Msichana aliyekuwa akitembeza wageni alicheka kwa upole. "Ingia tu, bibi. Nyumba hii haina mwenyewe."

"Hodi," alisema tena, akiinua uso kuelekea ghorofani, kule mama yake alikokuwa akiitikia huku akijifunga leso. Sasa palining'inia bendera za karatasi.

Hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, unarudi ulikotoka. Kwa hiyo ya tatu aliichelewesha. Kisha akavuta pumzi, akaita kwa sauti yote iliyobaki kifuani.

Hakuna aliyeitikia. Foleni nyuma yake ikapiga makofi, simu zikainuliwa juu.

"Rudia tena, bibi," msichana alisema, akimshika bega. "Wa nyuma hawajasikia."

Bi Mwanakombo aliinama kutafuta ndara zake aondoke. Miguu ya watu ilikuwa imeshazisukuma ndani, hadi katikati ya ukumbi.