Maji ya Kuongeza

Siku ya nne tangu mkewe, Bi Mwanaate, aende harusini, Bwanakheri aliliona tumbawe limejifunga lote, vijidole vyake vimeingia ndani, limepauka kama uji, ndani ya kitangi cha kioo kisichozidi ndoo. Bi Mwanaate alilikuza miaka tisa kutoka kipande cha ukubwa wa kucha, na majirani huapa kwamba likiumwa, majogoo wa mtaa mzima hukatazwa kuwika. Bwanakheri akampigia mkewe simu.

"Mke wangu, kila maji yakipungua nimeongeza ya bahari. Si ndiko kwao?"

"Ya bahari? Wewe mzee! Maji hukauka, chumvi hubaki! Umelifanya achari! Litilie yasiyo na chumvi, kidogo kidogo. Na likifa, mimi sirudi."

Simu ikakatwa.

Akachukua kijiko cha chai. Akatia kimoja, akahesabu mpaka mia, akatia kingine. Nusu ya maji ikamwagika, ikanywewa na kanzu. Adhana ya alasiri ilimkuta pua imegusa kioo.

"Bibie," akalinong'oneza lile tumbawe alilolionea wivu miaka yote tisa, "nisamehe. Usiniache peke yangu na nyumba hii."

Kijidole kimoja, chembamba kama uzi, kikachomoza, kikasita. Bwanakheri akazuia pumzi, asije akakitisha.