Mkaa wa Mkwe

Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka, lakini fundi hayupo. Sixbert alikuwa ameshajitupa nyuma ya pazia wanakojaribia nguo wateja, uzi ukining'inia kidoleni.

Nje, mama mmoja aitwaye Nyamizi alitua gunia la mkaa barazani. Masizi yalikuwa yamemtapakaa hadi kwenye kope. Kwao Usinge alizoa maganda ya karanga ambayo wenzake waliyatupa, akayachoma ndani ya pipa lililofunikwa, akayatwanga, akayakanda kwa uji wa muhogo na kuyafinyanga madonge. Mafundi wa Tabora waliutafuta mkaa wake umeme ulipokatika. Ndani ya pasi haurushi cheche, na suti ya mtu haitoboki.

Lakini masizi ni masizi. Wateja walimpisha huku wakikunja nguo zao. Mmoja alisema jalala limehamia dukani, wenzake wakacheka.

Nyuma ya pazia, Sixbert alifumba macho.

Mara ya kwanza mama huyo alipofika na kuuliza kama mwanawe Sixbert yupo, Sixbert alikimbia vivyo hivyo. Mwenye duka, mzee Awadhi, akamfuata kumuuliza kulikoni. Sixbert akanong'ona kwamba yule ni mkwe wake, na kwao mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe.

Awadhi akampenda tangu siku hiyo. Marcelina, Mnyamwezi aliyeshonea mashine ya pili, alisema vijana wa sasa wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao, kumbe bado wapo watu. Ila alimtania kwamba huyo mke mwenyewe haonekani: leo anauguza, kesho anavuna, keshokutwa yuko msibani.

Safari hii Awadhi alikuwa na neno. Alikuwa anafungua duka la pili Kaliua, na msimamizi alishamchagua moyoni. Alitoka barazani, akamwamkia mama, akamwonyesha benchi. Nyamizi akakataa kukaa, asije akalichafua.

"Mwanangu hajambo?" aliuliza, akitazama kiti kitupu.

"Hajambo, mama. Yumo humu humu, anakuheshimu tu. Nimeajiri vijana wengi, lakini sijaona anayemstahi mama mkwe kama huyu mkweo. Ndiyo maana duka la Kaliua nitampa yeye."

 Nyamizi akalitazama pazia. Chini yake vilionekana viatu vya Sixbert, vimebanana.

Marcelina akaacha kukanyaga mashine. "Na huyo mkewe, mama? Mbona mnamficha?"

Mama akaviangalia tena vile viatu.

"Binti yangu afya yake si nzuri," alisema taratibu. "Lakini amepata mume mwenye adabu. Mwambieni mkwe wangu nimefurahi. Sitamsumbua tena kujificha. Mkaa nitautuma kwa basi."

Akajifuta uso kwa pindo la khanga, masizi yakasambaa zaidi. Kisha akashuka barazani.

Awadhi aliita kwamba sasa anaweza kutoka, mkwe ameshaondoka. Sixbert hakutoka. Alisimama pale pale nyuma ya pazia, akisikiliza ndala za mama yake mzazi zikififia barabarani.