Chokaa ya Kila Shaabani

Bwana wa makumbusho alilikodolea macho jiwe la kaburi kongwe, akaguna.

"Bi Mwanamize, kila Shaabani mnalipaka chokaa? Maandishi ya miaka elfu mmeyazika! Kesho nalichukua."

"Basi nichukue na mimi, mwanangu. Aliyelala hapo ni bibi wa mabibi zangu."

Bwana akacheka, akaanza kubandua chokaa kwa kisu, tabaka kwa tabaka. Bi Mwanamize akashika kiuno. Mawe ya jirani, yasiyopakwa kitu, yalikwisha kulambwa na chumvi ya bahari yakawa laini kama sabuni. Lakini hapa herufi zilitokeza kali, utadhani zimechongwa jana.

Bwana alikiweka kisu chini. Kisha akauliza, kwa adabu sasa, chokaa huchanganywa na nini.

"Kunja mikono ya shati kwanza," alisema Bi Mwanamize, akimsogezea ndoo ya chokaa.