Nipe Mji

Zama hizo hakuna aliyepewa talaka mpaka mume na mke wakae pamoja, watazame filamu ambayo ukuta wa nyumba yao uliitunga kutokana na hofu za mwombaji.

Mwombaji alikuwa Faki. Mkewe, Mwanakheri, alikaanga bisi kama anayekwenda shereheni, maana kwa miaka thelathini hakuwahi kumwinulia mumewe hata mwiko.

"Haya, tumwone huyo jini anayekutisha, baba Riziki."

"Tazama tu, mama Riziki."

Ukutani akatokea Mwanakheri mwenyewe, na kanga yake ileile, akimtegea mumewe vitendawili mezani kama walivyozoea kila siku. Faki wa ukutani akashindwa, akatoa mji: Wete. Kisha Mkoani. Mwanakheri akacheka, si ndiyo desturi, asiyejua jibu hutoa mji?

Yule wa ukutani hakucheka. Alitega kingine kabla mume hajameza tonge, na kingine tena, hata miji yote ikaisha. Faki akaanza kutoa usingizi wake, kisha sauti yake, kisha jina alilopewa na mamake.

"Nipe mji," yule mwanamke akasema, kwa upole uleule.

Bisi zikapoa. Mwanakheri alitaka kumwomba mumewe msamaha, amwambie asiondoke. Akafungua kinywa, na likatoka lile alilolizoea.

"Kitendawili!"

Faki akafumba macho. "Tega," akajibu.

Na ukutani, kwa mara ya kwanza, yule mwanamke akatabasamu.