Bakuli la Ndege

Tangu homa imchukue bintiye, Mwanashumu alikuwa akitwanga majani ya mwarobaini na kumwaga maji yake katika kila dimbwi la mtaa, viluwiluwi wa mbu wafe. Leo mtoto wa jirani yake, Bi Zuhra, alikuwa akiwaka homa. Wanawake hao wawili walisaka maji yaliyotuama mitaroni na katika vifuu, wakakuta pakavu.

Wakaingia makaburini, nyuma ya ukuta wa nyumba zao. Juu ya kaburi la bintiye, Mwanashumu alikuwa amejengea bakuli, akilijaza maji kila Ijumaa, ndege wanywe, mtoto apate thawabu. Ndani yake viluwiluwi walijaa tele.

“Tia dawa, shoga,” alisema Bi Zuhra.

“Ndege hawanywi maji machungu.”

“Na wangu afe?”

Mwanashumu akainua kopo la maji ya mwarobaini. Njiwa akatua ukingoni mwa bakuli, akangoja.