Swali la Tisa

Majibu ya bibi yule, karani alikwisha kuyaandika kabla hata hajabisha hodi.

Si yake tu. Mtaa mzima aliujazia fomu akiwa mgahawani, mguu juu ya mguu. Utafiti ulitaka kujua nani kampita mzazi wake kimaisha na nani kabaki palepale. Karani aliona huko ni kuharibu wino. Watu wa huku wampite nani? Mama dobi, mtoto dobi, mjukuu ataanika. Saini za wengine alikwisha kuzikusanya, ila fomu hii, ya mwisho, ilikosa yake, na kesho zote zikikubaliwa anapewa ajira ya kudumu na meza yake mwenyewe.

Bibi alikuwa akikamua shuka. Akajifuta mikono, akamvutia kiti. Karani akakipangusa kwanza kwa leso, bibi akimtazama.

"Weka dole gumba hapa."

"Jina langu naliweza, mjukuu wangu. Lakini mbona hujaniuliza kitu?"

Basi akamuuliza mawili matatu kwa sauti ya kumsemesha kiziwi, fomu kaificha mapajani. Bibi akajibu taratibu, kisha akasema, "Umeruka la tisa."

La tisa lilikuwa kazi ya mtoto. Karani akajisemea, ajuza huyu kwa kuchungulia hajambo.

"Haya, mtoto anafanya nini?"

"Mwanangu? Kuuliza watu maswali, ndiyo kazi yake. Kila siku ananibembeleza nihamie kwake, nami mabeseni yangu siyaachi."

Karani aliuma mdomo asicheke. Akakata neno "dobi", akaandika: *Hana kazi. Mdaku wa mtaani.* Penye ngazi ya maisha akajaza: *Chini ya mama yake.* Bibi akatia saini, herufi kubwa kubwa, zimelalia kushoto, akamsindikiza hadi mlangoni na kumtakia kazi njema.

Kesho yake profesa mwenye utafiti alizipekua fomu moja moja, karani amesimama mbele yake. Meza alikwisha kuichagua, ile ya dirishani.

Kwenye fomu ya mwisho profesa akakawia. Akaipitishia kidole ile saini, polepole, herufi kwa herufi. Akavua miwani.

"Kumbe sina kazi," akasema. "Basi tuko wawili."