Majani Yanayotaka Kukanyagwa

"Amekuja tena!" mama aliita kutoka bustanini, bado na nguo zake za kulalia. "Mzee, njoo uone mwenyewe. Amekuja tena!"

Mzee alitoka akijinyoosha kama mtu aliyeamka sasa hivi. Kutoka getini mpaka mlango wa chumba cha mtoto wao, majani yalikuwa yamelala, na pale ambapo hayajafunika udongo zilionekana alama za viatu. Mama alichutama, akapima moja kwa kiganja. Alikuwa fundi viatu miaka na miaka, na viatu vya mtaa mzima alivijua kuliko wenyewe.

"Ni vyake. Soli hii niliibandika kwa mkono wangu." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa alama. "Ila siku hizi kisigino anakilalia upande wa nje."

"Kachoka huyo," mzee alisema, akaingia ndani haraka, maana machozi yalikuwa karibu.

Mtoto wao wa pekee alikuwa ameondoka kwa ugomvi. Baba yake alimfokea, "Usikanyage tena hapa kwangu," na kijana akatoka vilevile na ndala zake. Viatu vilibaki stoo. Mama akaanguka kitandani, hali chakula, hashiki nyundo.

Mzee alimtoa nje kwa ujanja. "Tutengeneze njia, mama. Akirudi apite pazuri." Wakang'oa nyasi, wakamwaga mchanga, wakapanga mawe bapa, na katikati ya mawe wakapandikiza vimche vya majani yanayotambaa, yale ya kunukia. Mama akaanza kula kidogo. "Asipite mtu hapa," alitangaza. "Atakayeifungua ni mwanangu." Hata jirani, mwenye miguu isiyo na adabu, akawa anazunguka nyuma ya nyumba.

Muuza miche alipokuja kuyaona alishika kiuno. "Jamani, mnayadekeza! Haya hayapandwi yatazamwe. Yakishashika mizizi, yasipokanyagwa yanavimba, yanaoza katikati, yanakufa yote."

Mama alirudi kitandani, akageukia ukutani.

Wiki hiyohiyo simu ikapigwa kutoka mbali. Mzee aliipokea peke yake. Mtu asiyemjua alimpa pole, akamweleza kaburi lilipo. Mzee aliketi palepale sakafuni. Angemwambiaje? Mke wake alikuwa amebaki mifupa na pumzi; habari ile ingemmaliza, naye angebaki na maneno yake yale peke yake. Kesho yake, kabla hakujapambazuka, aliingia stoo, akapapasa viatu vya marehemu mwanawe, akavivaa, akaenda kuikanyaga njia.

Vilimbana, we! Kijana alikuwa na mguu mwembamba kama wa mama yake. Mguu wa kushoto wa mzee, ule usio na kidole kidogo tangu shoka limpitie ujanani, ulitoka malengelenge. Lakini mama alipoziona zile alama alicheka, na mchana akamaliza sahani nzima.

Basi tena, ikawa ndiyo kazi yake. Kila alfajiri anavaa gizani, anakwenda getini, anarudi mpaka mlango wa chumba, anavua, anapanda kitandani na miguu ya baridi na kujikoromesha. Mama kalala fofofo. Siku zilivyokwenda viatu vikawa laini, havimuumi tena. Akajisemea ngozi imeuzoea mguu wake. Uongo ndio uliomuuma. Kila mama alipotenga sahani ya tatu, mzee aliinuka kabla hajashiba.

Halafu mama akaacha kuitenga. Mzee alishukuru kimoyomoyo, hakuuliza.

Majani yakashikana, yakawa mkeka. Muuza miche alipita, akavua ndala ili ayasikie chini ya nyayo. "Nani anayakanyaga vizuri namna hii?"

"Wa kwetu," mama alijibu, akamwongezea mzee chai.

Asubuhi moja usingizi ulimpitia. Alipoamka jua lilikuwa limeshachomoza na kitanda upande wa mama kilikuwa kitupu. Alimsikia jikoni, anagonganisha masufuria kuliko kawaida. Mzee alinyata mpaka stoo. Mwanga ulikuwa umejaa dirishani, na kwa mara ya kwanza, viatu alivyozoea kuvipapasa gizani aliviona.

Visigino vilikuwa vimebandikwa vipande vipya, upande wa nje. Ngozi ilikuwa imetanuliwa. Akatia mkono ndani ya kiatu cha kushoto, akatoa soli laini ya ndani, iliyoshonwa kwa uzi wa mama na kuanza kuchakaa kwa kuvaliwa. Ilikuwa imekatwa kwa umbo la mguu usio na kidole kidogo.